Mguu Juu ya Breki

Siyad Olow alipozima injini mbele ya gereji ya Wato, hakushuka. Alibaki kwenye usukani, mikono imelegea mapajani, akiwatazama kuku waliokuwa wakichakura mchanga uliolowa mafuta. Wato, fundi wa breki, alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya mtu mwingine. Alipoona mlango wa lori haufunguki, alijivuta akatoka, akajipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mzee, uko salama?"

"Niko. Nakuja."

Lakini hakuja. Aliyeshuka ni utingo wake, Abdille, mtu wa makamo mwenye watoto wake, ambaye amekaa kiti cha kushoto cha lori lile kwa miaka mingi. Abdille alizunguka hadi nyuma na kunyoosha kidole bila kusema. Wato hakuhitaji kuambiwa. Harufu ilikuwa imeshamfikia, harufu kama ya kwato iliyotiwa motoni.

Lilikuwa lori la maji. Tangu mvua za deyr, yaani za vuli, zilipokosa kunyesha, na zile za baada yake zikanyesha siku chache tu kama za kujikumbusha, Siyad alikuwa akijaza tangi lake kwenye Mto Tana hapo Garissa na kuyapeleka maji upande wa Ijara, vijiji vya kupita Sangailu ambako visima vilikuwa vimebaki mashimo. Kwenda kulikuwa kazi ya kutwa nzima. Kurudi vilevile. Akifika nyumbani analala, akiamka anajaza maji tena. Lori halikupumzika, na yeye hakupumzika, na wote wawili walikuwa wazee.

Wato aliinua lori kwa jeki, akafungua gurudumu la nyuma kushoto, akaingoja ngoma ipoe, kisha akaichomoa. Ngoma ni lile bakuli zito la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna viatu vya breki, vyuma viwili vya mviringo vilivyobandikwa ganda gumu, ambavyo dereva akikanyaga breki vinatanuka na kuisugua ngoma mpaka gari lisimame. Wato aliilaza ngoma ile kwenye mkeka wa gunia kama mtu anayemlaza mgonjwa, akaipangusa vumbi jeusi. Siyad sasa alikuwa ameshuka, amesimama na mkono mmoja gotini.

Wato ni mtu wa Wajir, lugha ya mama yake ni Kiborana, na Kisomali chake ni cha sokoni tu. Kwa hiyo yeye na Siyad huzungumza Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake, na hawajawahi kukosa kuelewana.

"Shika hapa," alisema Wato. "Hapa ndani. Iko namna gani?"

"Laini kama sahani."

"Si laini. Kidole ndio inakudanganya. Hii chuma iko na vilima, ndogo-ndogo, huwezi kuona. Na kiatu ya breki pia iko na vilima yake. Ukikanyaga, si chuma yote inagusa. Ni vichwa ya vilima tu. Kidogo sana. Sasa ile uzito yote, lori na maji, inashikwa na hiyo vichwa."

Siyad aliinama akachungulia. Ndani ya ngoma, kwenye ule mzunguko uliong'aa, kulikuwa na madoa ya rangi ya buluu iliyoiva, hapa moja na pale moja, kila doa likiwa na mipasuko myembamba katikati.

"Hayo ni nini?"

"Hiyo ndio nakwambia. Kichwa ikisuguliwa inapata moto. Chuma ikipata moto inafanya nini?"

"Inavimba."

"Inavimba. Kilima inakuwa mrefu. Ikiwa mrefu inabeba zaidi, ikibeba zaidi inachomeka zaidi, inavimba tena. Na ile pahali ingine ya ngoma inaachwa, haigusi kitu, inakaa bure tu. Mwisho unafunga lori mzima na hii madoa peke yake." Wato aliligonga doa moja kwa ukucha. "Ikipoa inarudi chini, inapasuka. Na kiatu nayo imeungua uso, imekuwa kama kioo. Angalia. Inateleza."

Abdille, aliyekuwa amechuchumaa kando, aliuliza kama hiyo ndiyo sababu jana lori lilichelewa kusimama mbele ya wale ng'ombe.

"Hiyo, na ingine. Ngoma mzima ikishika moto sana inapanuka. Inakimbia kiatu. Wewe unakanyaga, kiatu inafuata, haifiki. Unakanyaga hewa."

"Na dawa yake?" aliuliza Siyad.

"Ngoma ingine. Hii nilishaikereza mara mingi, imekuwa nyembamba, haiwezi mashine tena. Nipe muda nitafute. Na lori ikae chini, ipumzike." Wato alisita kidogo, akamtazama Siyad gotini, kisha usoni. "Na mzee, usikasirike. Nauliza tu. Mguu yako ya kulia inakaa wapi ukiendesha?"

"Unakaa mahali pake. Utakaa wapi kwingine?"

"Hii moto si ya kusimama tu. Hii ni ya breki inaguswa barabara mzima. Kidogo, kidogo, haiachi. Haipati nafasi ya kupoa."

"Nimeendesha lori wewe ukiwa hujajua spana," alisema Siyad, akageuka kutafuta kivuli.

Alimpigia simu mwenye lori, Sakariye, akiwa ameketi juu ya gurudumu kuukuu. Sakariye alikuwa mdogo kwake kwa umri na alimwita adeer, ami, kama ilivyo desturi, na hakuwa mtu mbaya. Siyad alimweleza habari ya ngoma.

"Adeer, watu wa kijiji cha Harodheer walinipigia asubuhi," alisema Sakariye. "Tangi lao limekauka kabisa. Niwaambie lori liko gereji? Nenda safari hii moja. Ukirudi, wallahi, linawekwa chini, na wewe ulale mpaka uchoke kulala."

Siyad alilijua neno hilo "ukirudi". Amelisikia tangu ukame uanze. Lakini aliwafikiria pia watu wa Harodheer na mitungi yao mitupu, akakubali kwenda. Wato, aliposikia uamuzi, alishusha pumzi tu. Alivikwaruza viatu vya breki kwa msasa mpaka ule ung'aro wa kioo ukatoka, akaisafisha ngoma, akavirudisha vyote mahali pake. "Kila mara simama, iguse hewa," alisema akikaza nati. "Ukiona moshi usimwage maji juu yake. Chuma ya moto na maji ya baridi inapasuka kama glasi. Iache yenyewe ipoe. Na mguu, mzee. Mguu."

Nyumbani, mke wake Naimo alikuwa amesharudi kutoka sokoni anakouza maziwa ya ngamia. Alikuwa akisuuza madumu uani. Alipomwona mumewe akivuka kizingiti kwa kushika mlango, aliacha kazi, akaleta mafuta ya simsim, akakaa chini kulisugua lile goti la kulia bila kuombwa.

Lilikuwa goti lenye historia. Ujanani Siyad alichunga ngamia pande za Liboi, hadi ukame mmoja ukawamaliza wote na yeye akatembea kuja Garissa bila kitu. Alianza kama utingo kwenye malori ya mifugo yaliyotoka Banissa, siku nzima amesimama juu ya vyuma akiwazuia wanyama wasilaliane. Huko ndiko ngamia mmoja alipomkanyaga goti wakati wa kupakia. Mfupa uliunga vibaya. Baadaye alijifunza usukani na kila mtu alisema ana bahati, kwa sababu dereva anakaa. Hakuna aliyejua kwamba kukaa ndiko kunakoliumiza zaidi. Goti likikunjwa muda mrefu huanza kuchoma kwa ndani, na njia pekee ya kulituliza ni kuuegemeza mguu juu ya kitu.

"Acha hii kazi," alisema Naimo.

"Niache nifanye nini?"

"Ukae."

"Nikae wapi? Niwatazame watu wakipita?"

"Siyad, juzi uliswali umekaa kitandani ukalala kabla ya kutoa salamu. Mimi nilikuwa nyuma yako, sikujua nimalize au nikungoje."

Alicheka kidogo, na Naimo akacheka. Kisha mafuta yakaendelea kupita juu ya goti.

Asubuhi walijaza tangi mtoni, wakashika njia ya kusini. Lami ilipoisha, mchanga ulianza, na vumbi lilipanda nyuma yao likasimama hewani bila upepo wa kuliondoa. Kando ya njia kulikuwa na mizoga iliyokauka mpaka hata fisi wameikataa. Mbuzi waliobaki walikuwa wameijua sauti ya lori la maji. Walitoka vichakani mbio wakalifuata, na kila walipotokea Siyad alipunguza mwendo. Watoto na wanawake nao walisimama na madumu yao matupu wameyainua juu. Hawakuita. Waliyainua tu. Siyad alikuwa ameshaacha kuwatazama usoni, maana maji yale yalikuwa na wenyewe mbele, na ukimpa mmoja hutafika.

Jua lilipokuwa limepanda vya kutosha, Abdille alitoa kichwa dirishani, akanusa.

"Inanuka, adeer."

Walisimama. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Abdille alikuwa ameshashika bomba la tangi.

"Nimwage kidogo tu."

"Acha! Hukusikia alivyosema Wato?"

"Wato yuko Garissa amekaa kivulini."

"Acha, Abdille. Na hata kama yasingepasua, haya maji si yetu."

Abdille aliliachia bomba. Wakakaa kwenye kivuli cha lori, kwa sababu hakukuwa na kivuli kingine, wakasikiliza chuma kikilia polepole kinavyopoa, kile kilio kidogo cha tik, tik, kama mtu anayevunja vijiti. Siyad alifumba macho. Alimsikia Abdille akizungumza juu ya bintiye aliyefika kidato cha pili na hataki kula, kisha hakusikia kitu. Alipozinduka, Abdille alikuwa amemfunika uso na kikoi.

Walipoanza tena, Siyad aliamua kujipeleleza. Alivua kiatu cha mguu wa kulia ili asikie vizuri anachokanyaga. Akaendesha. Njia ilikuwa nyeupe na haina mwisho. Akawaza habari ya binti wa Abdille, akawaza maneno ya Naimo, na alipofika kwenye kona ya kwanza akatupa jicho chini, akauona mguu wake. Ulikuwa juu ya breki. Haukukanyaga, ulikuwa umeegemea tu, kidole gumba na kile kinachofuata, kwa uzito wa mguu uliochoka. Hakukumbuka aliuweka saa ngapi. Aliutoa. Baada ya muda akatazama tena, ukawa umerudi.

Aliutoa tena.

"Abdille," alisema hatimaye, "niangalie mguu. Ukiuona juu ya breki, niambie."

Abdille aliinama akautazama mguu. "Sawa, adeer."

Na safari iliyobaki ikawa hivyo. Lori likinguruma, vumbi likipanda, na kila baada ya kitambo sauti ya Abdille: "Mguu." Siyad anautoa. "Mguu, adeer." Anautoa. Mara ya kwanza aliona haya. Baadaye haya ikaisha, akabaki na uchovu tu, uchovu wa kuona kiungo cha mwili wako kinafanya kazi yake bila ruhusa yako. Goti lilikuwa likiwaka kama ngoma ile.

Kabla ya Harodheer kuna laga, mto mkavu wenye kingo za mteremko mkali. Hapo hapana ujanja, lazima breki. Siyad aliingiza gia ya chini kabisa, akateremka polepole, tangi likimsukuma mgongoni kwa uzito wake wote. Alipokanyaga, breki ilishika. Alipokanyaga tena, ilishika kwa shida. Chini kabisa, magurudumu yakiingia mchangani, alikanyaga mara ya tatu, na kanyagio la breki likashuka chini ya mguu wake mtupu bila lori kuonyesha dalili ya kusikia. Mchanga ndio uliowasimamisha.

"Tungoje?" aliuliza Abdille.

Siyad alitazama ng'ambo. Mapaa ya mabati ya Harodheer yalionekana, na watu walikuwa wameshaliona vumbi lao. Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi. Alijua ni lazima wangoje. Alijua vizuri kabisa. Lakini alikuwa amechoka kungoja, na kile kijiji kilikuwa pale, karibu, na baada yake kulikuwa na mkeka na kikombe cha chai.

"Ni tambarare kuanzia hapa," alisema. "Twende."

Walipanda ukingo wa pili, wakaingia uwandani. Watu wa Harodheer walikuwa wakija. Watoto ndio waliotangulia, kisha wanawake na punda wenye madumu, kisha mbuzi, wote wakikimbilia tangi la saruji la kijiji, mahali ambapo lori husimama kila safari. Siyad alianza kupunguza akiwa bado mbali. Akakanyaga. Kanyagio likazama. Akapiga kanyagio mara nyingi mfululizo, akakanyaga hewa. Akashusha gia, injini ikapiga kelele, lori likapungua mwendo lakini halikusimama, na watoto walikuwa mbele yake wakipunga mikono kwa furaha.

"Ondokeni!" Abdille alikuwa nusu ya mwili nje ya dirisha. "Ondokeni njiani! Breki hakuna!"

Wengine waliruka, wengine walisimama wakishangaa. Kushoto kulikuwa na punda na wanawake. Kulia, ukuta wa tangi. Siyad alikata usukani kulia kwa nguvu zake zote. Pembe ya lori iliupiga ukuta, kikasikika kishindo kizito, vioo vya taa vikamwagika, na lori likasimama.

Kisha mtu akapiga kelele kwamba kuna moto. Grisi iliyokuwa imeyeyuka kwenye gurudumu la nyuma kushoto ilikuwa imewaka, miali midogo ya njano ikilamba tairi. Abdille aliruka chini akaanza kuchota mchanga kwa mikono miwili. Wanawake wakamfuata, na watoto, kila mtu akirusha mchanga, mpaka gurudumu likazikwa nusu na moto ukafa kwa moshi mweusi.

Hakuna aliyeumia. Siyad alihakikisha hilo kwa kuuliza kila aliyemwona, hadi watu wakaanza kumjibu kwa upole kama wanavyomjibu mtu mwenye homa. Ndipo akaenda kutazama tangi. Ukuta ulikuwa umepasuka kutoka juu mpaka karibu na msingi, ufa ambao mkono ungepita. Hilo ndilo tangi pekee la Harodheer. Alikuwa ameleta maji, na amevunja mahali pa kuyaweka.

Muslimo alikuja akitembea, hakukimbia. Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye katika ukame huu amezika mbuzi wake wote na hakuacha kugawa zamu za maji kwa haki. Siyad alisimama mbele yake, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila.

"Maji ya lori yamemwagika?" aliuliza Muslimo kwa Kisomali.

"Hapana, abaayo, dada yangu. Yapo yote. Lakini tangi lenu..."

"Tangi nimeliona. Nimeuliza maji."

"Yapo."

"Alhamdulillahi. Basi leteni vyombo!" Alikuwa ameshageuka kwa watu. "Kila chombo! Sufuria, mabeseni, hata birika la kutawadhia. Na ninyi wanaume chimbeni hapa. Leteni lile turubai la shule."

Walichimba shimo pana, wakalitandika turubai, wakazikandamiza kingo zake kwa mawe. Madumu yakajazwa, masufuria yakajazwa, na yaliyobaki yakateremka kwenye shimo lile, yakakaa yakitetemeka rangi ya chai. Wazee wawili waliwazuia mbuzi kwa fimbo. Abdille alishika bomba hadi tangi la lori likatoa sauti ya utupu.

Siyad alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea tairi la mbele. Muslimo alimletea maji katika kikombe cha bati. Yalinuka mto na mpira.

"Nilijua breki ni mbovu," alisema Siyad. "Fundi aliniambia. Pale lagani nilijua kabisa ningoje, nikaona uvivu. Na moto wenyewe ni mimi niliouwasha, kwa mguu wangu huu, barabara nzima. Ningeweza kuua watoto wenu."

Muslimo alichuchumaa mbele yake. "Ungeweza," alisema. "Mjukuu wangu alikuwa pale mbele." Sauti yake haikupanda. "Sikuambii si kitu, kwa sababu ni kitu. Kunywa kwanza."

Alikunywa.

"Sasa utafanya nini?" aliuliza Muslimo.

"Sijui. Nikijaribu kufikiri naona usingizi."

"Lala. Tutazungumza ukiamka."

Alilala pale pale mchangani, na watu wakamzunguka wakibeba maji yao.

Sakariye alipopatikana kwenye simu kesho yake, alianza kwa kusikitika na kuuliza kama lori linaweza kutembea pole pole mpaka Garissa. Siyad alimkatiza.

"Sakariye, nisikilize. Hili lori halitoki hapa mpaka Wato aje na ngoma mpya. Na likitoka, dereva si mimi. Abdille ana leseni, anaijua njia, na magoti yake ni mazima."

"Adeer, sasa hivi umeudhika. Ukirudi..."

"Sirudi kwa usukani. Na saruji ulete. Tangi la watu ni juu yetu."

Sakariye akasema, kwa sauti ya mtu ambaye naye amechoka, kwamba atatuma.

Wato alifika kwa gari la bidhaa, amekaa juu ya mifuko ya saruji, ngoma mpya imefungwa kwa blanketi miguuni pake. Aliitazama ile ya zamani alipoichomoa. Ilikuwa imepasuka kutoka doa hadi doa, na buluu imegeuka nyeusi. Hakusema "nilikwambia". Aliuliza tu kama mzee amekula.

Alipokwisha kufunga vyuma vipya, hakumruhusu Abdille kuondoka. "Mpya na mpya haijajuana," alisema. "Vilima ya huyu na vilima ya yule bado ni kali. Ukikanyaga kwa nguvu leo, vichwa chache inachomeka, tunaanza ile shida upya. Gusa kidogo, acha. Tembea, ipoe. Gusa tena. Inakwisha pole pole mpaka inalala pamoja."

Kwa hiyo lori tupu lilizunguka uwanda wa Harodheer siku nzima, Abdille kwenye usukani na Wato pembeni yake. Linakwenda, linagusa breki, linakwenda. Watoto walilikimbilia mwanzo, kisha wakalichoka.

Siyad hakuondoka nao. Abdille alikwenda Garissa na kurudi na maji, akaenda tena, na Siyad alibaki kijijini, akilala msikitini, mchana akikoroga saruji pamoja na wanaume wawili wa pale. Hakuwa fundi mwashi. Alichukua ndoo, alishikilia ubao, alikaa alipoambiwa akae. Mara nyingine goti lilimkatalia kuinuka, na mtu alimpa mkono bila maneno. Waliuchimbua ufa, wakaufunga kwa waya, wakaujaza. Mama yake yule mjukuu wa Muslimo hakumsalimia siku zote hizo. Alipita na dumu lake akitazama mbele, na Siyad aliona ana haki.

Siku waliyotia maji, watu walikuja kutazama ukuta. Unyevu ulitokea mahali pamoja, chini, doa dogo kama kiganja. Wakalitazama mpaka adhuhuri. Halikukua. Muslimo akasema inatosha, na akaanza kupanga zamu.

Jioni ile lori lilipogeuza kwenda nyumbani, Siyad alipanda kiti cha kushoto. Goti alilinyoosha, kwa kuwa upande ule kuna nafasi. Abdille alimwuliza kama anataka dirisha lifungwe kwa ajili ya vumbi, naye akajibu liachwe wazi. Hawakuwa wamefika lagani bado wakati kichwa chake kilipoangukia mlangoni. Abdille aliona, akapunguza mwendo, akateremka ukingo kwa gia ya chini akiigusa breki kidogo kidogo, akapanda upande wa pili, na yule mzee hakuamka.